Kushusha joto la kuwasha feni kwenye Subaru Impreza GC8

Impreza ya tabo ya miaka ya 90, ile inayojulikana kwa jina la GC8, ina feni mbili nyuma ya rejeta lakini haina swichi ya joto ya feni. Aliyezoea magari ya Kijerumani ya umri huo, yenye swichi iliyokazwa ubavuni mwa rejeta, ataitafuta mpaka achoke. Huku mwenye kuamuru feni ni kompyuta ya injini. Inasoma sensa ya joto la maji, na joto likifika karibu nyuzi 95 inaziunganisha rilei za feni (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) na bodi ya gari, yaani upande hasi. Rilei zinabana, feni zinazunguka.

Kwa Japani, ambako gari hili lilipangiwa maisha yake, nyuzi 95 ni namba nzuri. Kwa foleni ya Dar es Salaam mwezi wa pili, saa nane mchana, na rejeta yenye umri wa miaka 25, namba hiyo inakubana. Feni ikiamka, chuma chote kilicho chini ya boneti kimeshashika moto, na hewa inayovutwa kupita kwenye rejeta ni ileile iliyotoka kwenye lori la mbele. Joto linapanda mpaka 98, 99, linashuka taratibu, linapanda tena. Gari halijachemsha, ila wewe huna raha.

Nilichofanya kwenye langu, na ninachoeleza hapa, ni kuongeza swichi ya joto inayoamsha feni mapema, kwenye nyuzi 92, huku kompyuta ikibaki na mamlaka yake kama kawaida. Kazi ni ya nusu siku. Lakini nusu ya kwanza ya mwongozo huu inahusu kujua kama unaihitaji kweli, maana gari nyingi zinazoletewa dawa hii zinaumwa ugonjwa mwingine.

KWANZA, ELEWA NAMBA ZENYEWE

Themostati ya EJ20, injini ya gari hili, huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80, na hufunguka yote kwenye 91. Hiyo ndiyo inayoweka sakafu. Feni haiwezi kuifanya injini iwe baridi kuliko themostati inavyotaka; maji yakipoa, themostati inajifunga na maji hayapiti kwenye rejeta hata feni ikizunguka kama panga boi.

Dari inawekwa na kiwango cha kuchemka. Usawa wa bahari maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi au Mbeya, mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, yanachemka karibu nyuzi 94. Rudia kusoma hapo. Kama unatumia maji ya bomba na kifuniko cha rejeta kimekufa, ukiwa Mbeya maji yako yanachemka kabla kompyuta haijafikiria kuwasha feni. Kifuniko kizima, kinachoshika kama bar 0.9, kinasogeza kiwango hicho hadi karibu nyuzi 115 hukohuko milimani, na kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji inaongeza nyuzi kadhaa tena. Kifuniko kina bei ya mchezo ukilinganisha na gasketi ya silinda hedi. Anza nacho.

Kwa hiyo namba yako ya kuwasha feni lazima ikae katikati: juu ya pale themostati inapojitahidi kufunguka yote, chini ya pale mambo yanapoanza kuwa mabaya. Ukichagua swichi inayowasha kwenye 82 na kuzima kwenye 77, feni haitazima kamwe, kwa sababu themostati yenyewe inayashikilia maji kwenye eneo hilo. Utakuwa umeunguza mota za feni na kuichosha altaneta bure. Swichi zinazopatikana kirahisi madukani ni za 87 na 82, 92 na 87, na 95 na 90; namba ya kwanza ni ya kuwasha, ya pili ni ya kuzima. Mimi ninatumia 92 na 87. Ya 95 na 90 haikusaidii kitu, kompyuta inafanya hivyo tayari. Ya 87 na 82 naiona ni ya gari la mashindano lenye themostati ya baridi zaidi, na gari la kwenda kazini halina shughuli nayo.

Kuhusu kung'oa themostati kabisa: najua. Fundi wangu wa kwanza aliing'oa ya kwangu bila hata kuniuliza, akaniambia nchi hii ni ya joto, haihitaji. Injini ya Subaru ina themostati upande wa chini, kwenye mdomo wa pampu, pale maji yanaporudi kutoka kwenye rejeta. Ikiwepo, inapofunguka inaziba pia njia ya mzunguko mfupi. Ukiiondoa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Asubuhi injini inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta, na mlimani inaweza kuchemsha vilevile. Kama yako imeng'olewa, irudishe kabla ya kuendelea, na ununue ya saizi ya asili. Zile ndogo za bei chee, zenye mlango mwembamba, zinapitisha maji kidogo.

JE, NI FENI KWELI?

Kuna swali moja linalochuja: gari linapata joto likiwa limesimama au likiwa linakimbia? Kwenye kilomita 80 kwa saa upepo wa barabarani unaifanya kazi ya feni na chenji inabaki. Kama joto linapanda ukiwa Chalinze unakimbia, feni haihusiki. Angalia rejeta iliyoziba ndani, pampu, mpira wa chini unaonyonywa ukabonyea, au gasketi ya hedi. Gasketi ya hedi kwenye EJ20 huonyesha mapovu kwenye tangi la akiba injini ikiwa imepata moto, na mipira inakuwa migumu mara tu baada ya kuwasha. Ukiona hayo, funga ukurasa huu, peleka gari kwa fundi wa injini.

Kama joto linapanda kwenye foleni tu, au ukipanda Kitonga nyuma ya lori lenye makontena kwa mwendo wa kilomita 15 huku tabo inasukuma, hapo feni ina la kusema. Jaribu hivi: joto likianza kupanda kwenye foleni, washa kiyoyozi. Kwenye gari hili kiyoyozi huamuru feni bila kujali joto la maji. Joto likishuka ndani ya dakika mbili tatu, umepata jibu: rejeta ina uwezo, imecheleweshewa upepo. Likizidi kupanda, rejeta yenyewe imechoka au imeziba kwa nje. Toa feni, mulika tochi kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta. Mbegu za majani, mbawa za wadudu na vumbi lililoganda kama udongo wa kufinyangia hukaa hapo miaka bila mtu kuona, kwa sababu ukichungulia kwa mbele unaona kondensa safi tu. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida, kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya kuoshea magari inakunja mapezi, usiisogeze karibu.

Watu hupenda kusema gari hili lilishinda Safari Rally, haliwezi kushindwa na foleni. Ni kweli Colin McRae alishinda na Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Lakini yale yalikuwa magari ya kiwanda ya mashindano ya dunia. La kwako lina rejeta ya plastiki na alumini iliyokuja na meli.

Halafu pima feni zenyewe. Subaru ilitupa zawadi hapa: chini ya dashibodi upande wa dereva kuna vichwa viwili vya kijani vya waya mmojammoja, vimening'inia bila kuunganishwa. Viunganishe, washa swichi ya gari bila kuwasha injini. Gari linaingia kwenye hali ya majaribio: utasikia pampu ya mafuta inawaka na kuzima, rilei zinagonga tik tik, na feni zinazunguka, zinasimama, zinazunguka tena. Feni isiyozunguka hapo ina mota mbovu, fyuzi iliyokatika, rilei iliyoungua au waya uliooza. Tengeneza hiyo kwanza. Kumbuka kuvitenganisha vichwa hivyo baadaye, na usivichanganye na vile vyeusi, ambavyo ni vya kusomea misimbo ya makosa ya injini.

Feni iliyofungwa kienyeji nayo ikaguliwe. Nimeona mota ya feni ya gari lingine, iliyogeuzwa nyaya, inasukuma hewa kwenda mbele badala ya kuivuta. Shika karatasi mbele ya grili: lazima inyonywe.

Mwisho wa ukaguzi, tafuta namba ya kweli. Sindano ya dashibodi haitakusaidia, hukaa palepale katikati kwa nyuzi nyingi kabla ya kusogea, na inapata taarifa kutoka kwenye sensa yake yenyewe ya waya mmoja, tofauti na ile ya waya mbili inayosomwa na kompyuta. Vile vifaa vya bluetuthi vya kuchomeka na kusoma kwenye simu havifanyi kazi kwenye GC8 nyingi za Japani, kwa kuwa gari linazungumza lugha ya zamani ya Subaru. Nunua geji ya kidijitali yenye sensa yake. Utaifunga kwenye adapta ileile ya swichi (kipande cha alumini kinachoingizwa kwenye mpira wa rejeta) kama ina matundu mawili, na hiyo ndiyo adapta ninayokushauri ununue.

NJIA TATU, NA MOJA YA KUKIMBIA

Kama gari lako limeshafungwa kompyuta ya kuprogramu, huna haja ya spana. Mwambie aliyeipangilia aweke feni iwake kwenye 92 na kuzima kwenye 88. Ile nafasi ya nyuzi nne ndiyo inayozuia feni kuwaka na kuzima kila sekunde. Umemaliza.

Njia ya pili ni swichi ya mkono ndani ya gari. Ni rahisi na ni ya bei ya soda, na siku moja utasahau kuiwasha. Kama nyongeza sawa, kama mfumo hapana.

Ya tatu ndiyo hii yetu, ya swichi ya joto.

Ya kukimbia ni kuidanganya sensa. Kuna wanaofunga rizista sambamba na sensa ya maji ili kompyuta ione joto kubwa kuliko lililopo na kuwasha feni mapema. Sensa hii upinzani wake hushuka joto likipanda: kwenye nyuzi 20 ni ohm elfu mbili na ushee, kwenye 80 ni kama ohm 300. Ukiongeza rizista, ni kweli feni itawahi. Lakini kompyuta hutumia sensa hiyohiyo kuamua kiasi cha petroli, mwasho na mwendo wa sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta. Injini ya tabo inayopewa petroli pungufu wakati bado ni baridi haina maisha marefu. Kuokoa bei ya adapta kwa kuhatarisha pistoni ni hesabu ambayo sijawahi kuielewa.

VITU VYA KUANDAA

Swichi ya joto ya pini mbili, 92 na 87, nyuzi za kukazia za M22, pamoja na washa (pete) yake ya shaba. Hizi ni za magari ya Volkswagen na ndugu zake, ndiyo maana zinapatikana kila mahali. Hakikisha ni ya pini mbili. Zenye pini moja zinategemea bodi yake iguse injini, na adapta yako itakuwa inaelea katikati ya mpira.

Adapta ya alumini ya kuingiza kwenye mpira wa juu wa rejeta. Usikisie kipenyo, vua mpira upime ndani kwa kaliba. Nyuzi za adapta zilingane na swichi.

Mpira mpya wa juu. Utaukata huu, ule wa zamani ukiwa bado mzima unautunza kwenye buti kama spea. Klipu nne mpya za skrubu, waya wa milimita moja ya mraba kama mita tatu, fyuzi ya ampia 2 na kikalio chake, vichwa vya waya, mpira wa kusinyaa kwa moto, mita ya umeme, na kulanti lita mbili tatu iliyokwisha kuchanganywa.

Sufuria nayo, na kipimajoto cha jikoni. Kabla ya kufunga swichi, ining'inize kwa uzi ndani ya maji isiguse kitako, unganisha mita kwenye pini zake, pasha moto polepole ukikoroga. Mita inapaswa kulia ikifika karibu 92, na kunyamaza karibu 87 maji yakipoa. Kosa la nyuzi mbili si tatizo. Ukiwa Dar kazi hii ni nyepesi. Ukiwa Nairobi au Mbeya utaona kioja: maji yanachemka karibu 94, kwa hiyo swichi ya 95 haitawaka hata ukipika mpaka gesi iishe. Haina ubovu. Weka kulanti kidogo kwenye maji, kwenye sufuria ambayo haitarudi jikoni tena.

KAZI YENYEWE

1. Acha gari lipoe kabisa, usiku kucha ikiwezekana. Toa waya hasi wa betri. Weka beseni chini, fungua kifuniko cha tangi la juu pembeni ya intakula (kipoza hewa ya tabo), kisha mfereji ulio chini ya rejeta, utoe lita mbili hivi mpaka usawa ushuke chini ya mpira wa juu. Kulanti ina ladha tamu na ni sumu. Mbwa, kuku na watoto wote wanavutwa nayo, usiiache uwanjani.

2. Vua mpira wa zamani. Ulaze sambamba na mpya, weka adapta juu yake, chagua sehemu iliyonyooka isiyo karibu na mkanda, panga la feni wala paipu ya tabo. Kata kipande kidogo tu, sawa na ile sehemu ya adapta isiyoingia ndani ya mpira. Ukikata kingi mpira utakuwa mfupi na utavuta. Kisu kikali, mkato ulionyooka, usitumie msumeno wa chuma unaoacha nyuzinyuzi.

Kwa nini juu na si chini? Mpira wa juu unabeba maji yanayotoka kwenye injini, kwa hiyo joto lake liko karibu na lile linaloonwa na kompyuta. Mpira wa chini unabeba maji yaliyokwishapozwa na rejeta. Swichi ya 92 ukiifunga chini, itakuja kuwaka wakati juu pameshaharibika.

3. Kaza swichi na sensa ya geji kwenye adapta kabla ya kuiweka garini, ukiibana adapta kwa kitambaa. Washa ya shaba inatosha, teipu nyeupe ya mabomba haihitajiki. Alumini ni laini: ikishakaa, robo mzunguko inatosha. Kisha ingiza adapta kwenye mpira, klipu mbili, na urudishe mpira garini kwa klipu nyingine mbili. Geuza adapta ili swichi ielekee ubavuni. Ikielekea juu, povu la hewa litakaa hapo na swichi itakuwa inapima hewa.

4. Sasa rilei. Rudisha waya wa betri kwa muda. Fungua boksi la fyuzi chini ya boneti, kifuniko chake kina mchoro wa rilei za feni. Kila rilei ina miguu minne: miwili ya koili (inayoibana rilei), miwili ya umeme mkubwa wa feni. Mguu mmoja wa koili unapata volti 12 swichi ya gari ikiwashwa, mwingine unaenda kwenye kompyuta. Huo wa pili ndio tunaoutaka.

Usiamini rangi za nyaya ulizosoma mahali, matoleo ya GC8 kutoka 1992 hadi 2000 yanatofautiana. Pima. Rilei ikiwa mahali pake na swichi ya gari imewashwa, injini imezimwa na baridi, chomeka ncha ya mita kwa nyuma kwenye waya wa kwenda kompyuta: utaona karibu volti 12, kwa sababu umeme unapita kwenye koili na haujapata pa kwenda. Chukua waya wa kujaribia wenye fyuzi ya ampia 2, gusisha waya huo kwenye bodi ya gari. Rilei ikigonga na feni ikazunguka, ndio huo. Fyuzi ikikatika, umegusa mguu wenye umeme wa moja kwa moja. Ndiyo sababu tuliiweka fyuzi. Vidole viwe mbali na mapanga muda wote huu.

Kutegemea toleo, feni moja itazunguka, au zote mbili kwa kasi ndogo. Vyovyote vile chagua rilei moja tu, ya feni kuu. Ile ya pili iachie kompyuta. Hivyo unapata hatua mbili: kwenye 92 swichi yako inaanza, na joto likipita hapo likafika 95 kompyuta inaongeza nguvu.

5. Toa tena waya wa betri. Unga waya wako kwenye ule wa kwenda kompyuta. Usiukate, chubua ganda sentimita moja, zungushia, lehemu, funika kwa mpira wa kusinyaa. Upitishe kwenye fyuzi ya ampia 2, kisha hadi pini moja ya swichi. Pini ya pili inaenda kwenye bodi, mahali palipokwanguliwa rangi na kukazwa kwa bolti. Nyaya zifuate njia ya nyaya za asili, zifungwe kila sentimita 15, zikae mbali na tabo na paipu zake.

Umeme unaopita kwenye swichi yako ni wa koili tu, sehemu ndogo ya ampia. Mzigo mkubwa wa feni unabaki kwenye rilei na nyaya za kiwanda. Na kompyuta haidhuriki: iwe yenyewe ndiyo imeunganisha njia ya bodi au swichi yako, rilei haijui tofauti. Swichi yako ikifa, gari linarudi kwenye nyuzi 95 kama lilivyozaliwa. Hii ndiyo sababu naipenda njia hii kuliko kuhamisha feni zote kwenye boksi jipya la dukani.

6. Jaza kulanti. Injini ya bapa ya Subaru hukamata hewa kuliko injini nyingi, na hewa ikibaki kazi yote uliyofanya haina maana. Inua pua ya gari kwenye mteremko au jeki. Fungua skrubu ya kutolea hewa iliyo kona ya juu ya rejeta. Jaza kupitia tangi la juu, polepole, ukibinyabinya mipira kama unakamua ng'ombe, mpaka kulanti itoke kwenye skrubu bila mapovu. Funga skrubu, washa injini, weka hita kwenye joto la mwisho, acha inguruma huku unaongeza. Hita ikianza kutoa hewa moto ya kudumu, umekaribia. Vifuniko viwili, cha rejeta na cha tangi la juu, si mapacha: kila kimoja kirudi kwake.

KUJARIBU

Acha gari lingurume bila kiyoyozi, macho kwenye geji. Feni iwake kwenye 91 hadi 93, izime karibu 87. Kwangu, asubuhi ya Dar, inazunguka dakika moja na nusu hivi, inapumzika, inarudia. Ikizunguka bila kuzima kwa dakika kumi bila kiyoyozi, ama swichi imekwama, ama rejeta haina uwezo tena wa kushusha joto hadi 87. Chomoa waya kwenye swichi: feni ikisimama na joto likapanda, ni rejeta.

Zima gari feni ikiwa inazunguka. Inapaswa kusimama, kwa kuwa koili inapata umeme kupitia swichi ya gari. Kama inaendelea, koili yako ina umeme wa kudumu, na foleni ndefu ikifuatiwa na kuegesha itakuwa inakula betri. Hapo rudi hatua ya 4, chagua chanzo kingine cha koili au uweke rilei ndogo ya kukatia.

Kisha nenda kwenye foleni, makusudi. Angalia namba ya juu kabisa. Ilikuwa 99 kwangu. Sasa haipiti 94 na kiyoyozi kimezimwa. Kitonga, nyuma ya malori, nimeona 96, na hapo feni zote mbili zilikuwa kazini. Sijui dereva wa Impreza anayepita pale bila kuitupia geji jicho.

Kagua klipu baada ya siku tatu, mpira mpya hulegea ukipata moto mara chache. Halafu kata kipande cha teipu, andika kwa kalamu ya wino usiofutika "swichi ya feni 92/87, fyuzi 2A", ukizungushie kwenye waya pale kwenye boksi la rilei. Fundi atakayefungua boneti baada yako ataona waya usio wa kiwanda, na bila maandishi hayo ataukata.